Waya wa Mita Kumi: Redio Ikamate Maneno Mazima

Ndugu wakulima wa Songea na wa mkoa mzima wa Ruvuma, leo hatutazungumza juu ya mbolea wala juu ya palizi. Tutazungumza juu ya chombo kinachowaletea habari za mbolea na palizi, yaani redio, na hasa ile redio inayokwaruza.

Katika lugha yetu kuna kineno kidogo sana, nacho ni "si". Bwana shamba anasema redioni, "Usinyunyize dawa wakati wa jua kali." Mkwaruzo unapita, kile kineno kinamezwa, na wewe unayesikiliza unaambulia, "Unyunyize dawa wakati wa jua kali." Umefuata maagizo, tena kwa bidii, na umeharibu dawa na mahindi pamoja. Au chukua hesabu. "Thelathini" na "themanini" zinaanza sawa na zinaisha sawa. Katikati ndipo penye tofauti, na katikati ndipo mkwaruzo unapopenda kukaa. Mililita thelathini za dawa kwa pampu moja si sawa na mililita themanini. Tangu viwavijeshi vamizi walipoingia nchini mwaka 2017, wakulima wengi wa mahindi wamekuwa wakinyunyiza dawa kuliko zamani, na wanaotegemea kusikia badala ya kusoma wanahitaji kusikia neno zima. Nusu ya neno ni hatari kuliko kutosikia kabisa, kwa sababu asiyesikia huenda kumwuliza bwana shamba, lakini aliyesikia nusu hudhani amekwisha kujua.

Sasa, kwa nini redio inakwaruza huku kwetu? Kutoka Dar es Salaam mpaka Songea, kama ndege arukavyo, ni karibu kilometa 600. Kwa barabara inazidi 900. Mawimbi ya redio hayaendi kwa basi, lakini nayo yana njia zake, na kila aina ina njia yake.

Mawimbi ya FM husafiri kama mwanga wa tochi. Yakikuta kilima yanakoma hapo, yule wa nyuma ya kilima anabaki gizani. Mtu anayekaa penye mwinuko mbele ya mlima Matogoro na mtu anayekaa bondeni nyuma yake hawawezi kupata sauti ile ile, hata kama redio zao zilinunuliwa duka moja siku moja. Masafa ya kati, yale yaliyoandikwa MW, wakati wa mchana hutambaa juu ya ardhi na huchoka baada ya kilometa mia moja au mia mbili hivi, kutegemea na nguvu ya mtambo. Usiku huamka na kwenda mbali zaidi.

Masafa mafupi, yaani SW, ndiyo yenye mwendo wa ajabu. Hupanda juu angani mpaka kwenye matabaka ya hewa yaliyochajiwa na jua, kilometa mia moja mpaka mia tatu na zaidi juu ya vichwa vyetu, kisha hurudishwa chini kama mpira uliogonga dari. Ndiyo maana kilima hakiyazuii. Ndiyo maana pia yanapanda na kushuka kama mtu anayesema huku akibembea, kwa sababu ile dari yenyewe haitulii. Kupanda na kushuka huko hakuna waya unaoweza kukuponya nako. Vumilia tu.

Na hapa kuna jambo linalowashangaza watu tangu zamani: mbona London inasikika vizuri kuliko Dar es Salaam? Wengine walidhani ni uzembe wa watangazaji wetu. Si uzembe. Mawimbi ya SW yenye namba kubwa huruka mbali sana kabla ya kutua, na huweza kumpita juu mtu aliye kilometa 600 bila kumgusa, yakatue kwa mtu aliye kilometa elfu kadhaa. Kwa umbali kama wetu zinafaa zaidi namba ndogo ndogo, zinazopanda karibu wima na kushuka karibu. Redio Tanzania Dar es Salaam, katika miaka yake, ilitumia kilohezi 5050, ambayo ni kama mita 59, kwa sababu ya namna hiyo. Ukitaka kugeuza kilohezi kuwa mita, gawa 300,000 kwa namba ya kilohezi. Kilohezi 6000 ni mita 50. Hesabu hii inamfaa mwenye redio ya zamani iliyoandikwa mita, anapotajiwa kilohezi.

Sitawadanganya juu ya hali ya leo. Idhaa nyingi zilizokuwa zikisikika kwa masafa mafupi zimeyapunguza, nyingine zimeyaacha kabisa, zimehamia kwenye FM na kwenye simu. BBC, iliyoanza matangazo ya Kiswahili mwaka 1957, na hata Sauti ya Ujerumani iliyofuata mwaka 1963, leo wengi wanazisikiliza kupitia stesheni za FM zinazozirusha. Lakini FM haivuki kila kilima, na simu inataka mnara na inataka vocha. Mwenye redio ya SW asiitupe. Na ajue kwamba idhaa za kimataifa zilizobaki hubadili masafa yao mara mbili kwa mwaka, mwishoni mwa Machi na mwishoni mwa Oktoba. Stesheni yako ikipotea ghafla majuma hayo, redio haijafa. Sogeza mshale taratibu huku na huku, pengine imehamia jirani tu.

Haya, tuingie kazini. Kabla ya kugusa waya wowote, tazama betri. Betri dhaifu hupunguza masikio ya redio kabla ya kupunguza sauti yake. Ile desturi ya kuanika betri juani huwa inazipa nguvu kidogo kwa muda mfupi, lakini haizichaji, na betri iliyochoka hutoa maji yanayokula vyuma vya ndani. Nimeona redio nyingi zikiuawa na betri za bei ya chini zilizosahauliwa ndani kuliko zilizouawa na kuanguka.

Betri zikiwa nzima, fanya jaribio moja. Chukua redio yako ikiwa inatumia betri, simama nayo ndani ya nyumba, sikiliza mkwaruzo. Kisha toka nayo polepole, hatua kumi, ishirini, thelathini, mpaka shambani. Kama mkwaruzo unapungua kadiri unavyokwenda, basi adui yumo nyumbani mwako au kwa jirani. Umeme wa Gridi ya Taifa ulifika Songea mwaka 2018, ukaendelea kusambaa vijijini, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini taa nyingi za siku hizi, chaja za simu na vile visanduku vya kuongozea umeme wa jua hupiga kelele ambazo sikio halisikii, redio inasikia. Chomoa kimoja kimoja, utamjua mchawi. Saa ya kipindi chako kizime. Saa moja bila chaja haimwangushi mtu.

Sababu nyingine iko juu ya kichwa chako: bati. Nyumba ya bati inamzuia mwenye redio kama sufuria iliyofunikwa. Nyumba ya nyasi haina tatizo hilo, ingawa sisemi mtu arudie nyasi kwa ajili ya redio. Dawa yake ni kutoa sikio la redio nje ya nyumba, na sikio hilo ndilo waya wetu.

Waya unaotakiwa ni wa shaba, mita saba mpaka kumi na tano. Mita kumi zinatosha watu wengi. Ukiwa na gamba lake la plastiki ni bora zaidi, maana haupati kutu na hauleti kelele unapogusa majani. Usikimbilie dukani. Waya ule wa pacha, wenye njia mbili zilizoshikana, unaotumika kwenye pasi na redio zilizokufa, ukipasuliwa katikati mita tano zake zinakupa mita kumi. Waya mwembamba wa shaba kutoka kwenye mota iliyoungua unafaa pia, ila ni mwepesi kukatika kwa upepo. Waya wa seng'enge uache ukizungushia shamba. Unapitisha kidogo, unashika kutu, na kila kiungo chenye kutu ni mkwaruzo mpya. Ukilazimika kuunga, kwangua ncha zote mbili kwa kisu mpaka shaba ing'ae, zisokote mara nane au kumi kwa nguvu, halafu zungushia tepu nyeusi mvua isiingie.

Nguzo ya kufungia, sisi wa kusini hatuna shida. Mwanzi mmoja mrefu uliokauka, mita tano au sita, ukichimbiwa vizuri unatosha. Chagua uliokomaa, wala usikate kwenye shina linalogemwa ulanzi, utagombana na watu kwa jambo lisilo na maana. Upande wa pili funga kwenye mwembe, au mkaratusi, au kwenye mwanzi mwingine. Waya usiguse mti wala bati. Kata vipande viwili vya kandambili iliyochakaa, toboa matundu mawili katika kila kipande: tundu moja linashika waya, la pili linashika kamba iliyofungwa kwenye nguzo. Mpira haupitishi umeme, kwa hiyo kile kidogo ambacho waya umekamata hakitapotelea kwenye mti uliolowa. Shingo ya chupa ya plastiki inafanya kazi hiyo hiyo.

Kama mwisho mmoja uko kwenye mti ulio hai, usiukaze waya kama wa gitaa. Mti unayumba usiku kucha, asubuhi utakuta waya chini. Pitisha kamba juu ya tawi, ining'inize na jiwe la uzito wa kilo moja upande wa pili. Mti ukiyumba jiwe linapanda na kushuka, waya haukatiki. Hakikisha jiwe hilo halipo mahali watoto wanapochezea.

Kuhusu upande wa kuelekeza waya, mafundi watabishana nawe mpaka jioni. Kwa waya mfupi ulio chini namna hii tofauti ni ndogo. Lililo kubwa ni kuuweka mbali na nyaya za umeme na mbali na nyumba yenye kelele. Na hapa sisemi kwa mzaha: usipitishe waya wako juu ya nyaya za umeme, wala chini yake, wala mahali ambapo ukikatika na kupeperushwa na upepo unaweza kuzifikia. Usirushe jiwe lenye waya kuelekea upande wenye nguzo za umeme. Mtu aliyekufa hasikilizi redio.

Kutoka kwenye ule waya wa juu, shusha waya mmoja mpaka dirishani. Ni bora uwe ni ule ule mmoja, bila kuunga. Kabla haujaingia ndani uache ulegee ufanye tumbo kuelekea chini, ili maji ya mvua yadondokee nje badala ya kutembea mpaka kwenye redio. Ukiwa na gamba la plastiki, na tundu la dirisha lisiwe na chuma chenye makali, hapo umemaliza ya nje.

Ndani sasa. Vuta antena ya fimbo ya redio yako nusu. Usianze kwa kukwangua waya na kuufunga moja kwa moja. Chukua mwisho wake ukiwa bado na gamba, uzungushe kwenye ile fimbo mara nane au kumi, kama unavyozungushia kamba mpini wa jembe uliopasuka. Washa, tafuta stesheni, sikiliza. Inashangaza watu wengi kwamba waya usiogusana na chuma unaleta sauti, lakini mawimbi haya hayahitaji kugusana. Ikiwa bado sauti ni ndogo, hapo ndipo ukwangue sentimeta tano na ubane shaba kwenye fimbo kwa kibanio cha nguo.

Kwa nini tuanze taratibu? Kwa sababu redio ndogo za mkononi zina koo jembamba. Ukizimiminia mawimbi mengi kwa mara moja zinapaliwa. Utaijua hali hiyo ukianza kusikia stesheni mbili zikisema kwa pamoja, au stesheni moja ikitokea mahali pengi ambapo haikuwapo, na miluzi kila mahali. Watu wengi wakifika hapo wanasema waya haujatosha, wanaongeza mita ishirini, hali inazidi kuwa mbaya. Punguza mizunguko, au futika fimbo kidogo. Ninavyoona mimi, nusu ya antena zinazolaumiwa hazina kosa ila urefu.

Wengine watauliza juu ya waya wa ardhini, ambao mafundi wanauita ethi. Unasaidia, hasa kwenye redio kubwa zenye tundu lake nyuma: chuma cha mita moja kilichopigiliwa mahali penye unyevu, kama pale maji ya bafuni yanapomwagikia. Redio ndogo isiyo na tundu hilo, achana nalo. Na redio iliyochomekwa kwenye umeme wa ukutani usiifanyie majaribio ya ethi hata kidogo.

Saa ya kusikiliza ina uzito sawa na waya. Jua likiwa kali, namba ndogo za SW humezwa angani na namba kubwa husikika. Jua likizama mambo hugeuka. Kwa hiyo mchana jaribu mita 25, 19 na 16 kwa stesheni za mbali, jioni na alfajiri rudi mita 31, 41 na 49. Asubuhi kabla jua halijapanda na jioni baada ya kutoka shamba ndizo saa nzuri kupita zote, na kwa bahati ndizo saa ambazo mkulima yuko nyumbani.

Mwenye redio ya FM tu, asinune. Mita kumi za waya hazimsaidii sana; kwake fimbo ya sentimeta 75 hivi inatosha, ila iwe juu na iwe nje ya bati. Kuisogeza nusu mita tu huweza kumaliza mkwaruzo wote. Na mwenye MW ajue kwamba antena yake ni ile fimbo nyeusi iliyolala ndani ya redio, kwa hiyo ageuze redio yenyewe kama mtu anayegeuza ungo, mpaka sauti ikubali.

Nimebakiza radi, na nimeibakiza makusudi ili isichanganyike na mengine. Mvua zetu huanza karibu Novemba au Desemba na kuendelea mpaka Aprili, na miezi hiyo ndiyo ya kupanda, kupalilia na kupambana na wadudu, yaani ndiyo miezi ambayo redio inatakiwa zaidi. Ndiyo miezi ya radi pia. Waya wako si lazima upigwe na radi. Radi ikianguka jirani inatosha kuunguza redio na kumrusha aliyeishika. Usifunge waya kwenye mti mrefu kupita yote ya hapo. Ukisikia ngurumo ya kwanza, hata kama ni ya mbali upande wa Mbinga au Namtumbo na kwako jua linawaka, toa waya kwenye redio na uutupe nje ya dirisha. Usingoje kipindi kiishe. Ngurumo ikiwa imekwisha karibu, usiende kuuchomoa tena, kaa mbali nao. Usiushike mpaka zipite dakika thelathini tangu ngurumo ya mwisho. Na kama husikilizi, msimu wote wa mvua mwisho wa waya ukae nje, usilale ndani. Wafundisheni watoto hivyo hivyo, maana mara nyingi wao ndio wanaobaki na redio nyumbani.

Neno jingine ni la jirani. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni mbili nchini walikaa katika vikundi kuzunguka redio, wakasikiliza, wakajadiliana, wakaenda kuchimba vyoo. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Si kila mtu alikuwa na redio. Redio moja ilikuwa ya kikundi, na mmoja alikuwa akiandika. Jambo hilo halijapitwa na wakati. Waya mmoja uliofungwa vizuri kwenye nyumba moja, Mpitimbi au Magagura, unaweza kuwatosha watu wa nyumba kumi siku ya kipindi cha wakulima. Mmoja awe na daftari. Ikitajwa hesabu ya dawa, mbegu au tarehe, aandike, kisha aisome kwa sauti, wengine waseme kama walisikia hivyo. Wakitofautiana, pasiwe na mtu wa kunyunyiza. Aende mmoja kwa bwana shamba au bibi shamba, au asome kibandiko cha chupa yenyewe.

Kwa kazi ya kesho, basi: mita tano za waya wa pacha, kandambili moja mbovu, kamba, mwanzi na kisu. Wawili wanatosha, mmoja wa kushika mwanzi na mmoja wa kufukia. Fanyeni asubuhi kabla mawingu hayajajikusanya, na mkimaliza jaribuni jioni ile ile, waya ukiwapo na waya ukiwa umetolewa, msikie tofauti kwa masikio yenu. Kwaherini.